Nyongo ikivuja kwa mtoaji ini: kusubiri, stenti, mpira wa ubavuni au kurudi chumba cha upasuaji?

Kaka yangu alipoambiwa ini lake limefika mwisho, tulikaa ukoo mzima sebuleni kwa mama, Tanga, na swali lilikuwa moja tu: nani atatoa? Hakuna aliyeuliza huyo atakayetoa atakuwaje. Haikuwa roho mbaya. Mgonjwa alikuwa mbele yetu, tumbo limejaa maji na macho ya njano, na watoaji watarajiwa tulikuwa wazima tunaokula na kutembea. Nikatoa mimi. Tulikwenda India, nikakatwa upande wa kulia, na siku ya sita nyongo ikaanza kuvuja tumboni mwangu.

Kaka yuko hai, nami niko hai. Ila zile siku nilipokuwa nimelala nikiambiwa njia nne za tiba, kila daktari na yake, nilitamani mtu awe amenilinganishia mapema kwa lugha ninayoiota usiku. Ndiyo maana naandika. Uamuzi wa mwisho ni wako na daktari wako aliyeziona picha zako, lakini ukizijua tofauti utauliza swali la maana badala ya kutia saini tu.

Mrija unaoleta maneno

Ini hutengeneza zaidi ya nusu lita ya nyongo kila siku. Nyongo hiyo hupita kwenye vijirija vinavyoungana kama vijito, mpaka inapatikana mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, ambayo nayo hukutana na kuwa mmoja unaoshuka kwenye utumbo mwembamba. Ukitoa kipande cha ini, mrija wa kipande hicho lazima ukatwe, na kisiki kinachobaki kwako kishonwe. Kisiki kikiachia, nyongo inamwagika. Pia inaweza kuvuja kutoka kwenye uso wa ini lenyewe pale lilipokatwa, kwenye vijirija vidogo ambavyo havikuonekana wakati wa kufunga. Hizi mbili hazifanani kwa uzito: uso wa ini mara nyingi hukauka wenyewe, kisiki cha mrija mkubwa huhitaji msaada zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ukiambiwa unavuja ni hili: panavuja wapi?

Uchaguzi unaanza kabla ya kisu: kulia au kushoto

| | Kipande kidogo cha kushoto | Upande wote wa kushoto | Upande wa kulia |
|---|---|---|---|
| Sehemu ya ini inayotoka | kama moja ya tano | kama theluthi moja | kama asilimia 60 hadi 65 |
| Hupewa nani | mtoto mdogo | mtu mzima mwenye umbo dogo | mtu mzima |
| Mrija unaokatwa | mrefu, una nafasi | mrefu, una nafasi | mfupi, wakati mwingine ni miwili au zaidi |
| Hatari ya nyongo kuvuja | ndogo | ndogo kuliko kulia | kubwa kuliko zote |

Historia nayo ilifuata mpangilio huo. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa kutoka kwa mtoaji aliye hai ulifanyika Brisbane, Australia, mwaka 1989, mama akimpa mtoto wake kipande kidogo cha kushoto. Kukata upande wa kulia kwa ajili ya watu wazima kulikuja katika miaka ya 1990, Japan na Hong Kong, kwa sababu kipande cha kushoto hakikutosha. Hesabu yenyewe si ngumu. Anayepokea anatakiwa apate ini lenye uzito usiopungua kama asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake. Kaka ana kilo 70, kwa hiyo alihitaji gramu 560. Ini zima la mwanamke wa umbo langu ni kilo moja na ushee. Theluthi yake haifiki huko hata kwa kuvuta. Na wewe mtoaji lazima ubaki na angalau asilimia 30 ya ini lako.

Maoni yangu ni haya: ikiwa kushoto kunamtosha mgonjwa, kushoto kutolewe, hata kama timu imezoea kulia. Vituo kadhaa vya Japan vimeshikilia msimamo huo kwa miaka mingi kwa sababu ya usalama wa mtoaji. Vifo vya watoaji hukadiriwa kuwa kama 1 kati ya 1,000 kwa kipande kidogo cha kushoto, na kwa kulia makadirio hupanda hadi 5 kati ya 1,000. Ni idadi ndogo, lakini inamhusu mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Kuhusu nyongo, utafiti wa A2ALL uliojumuisha vituo tisa vya Marekani, ambako wengi walitoa kulia, ulikuta uvujaji kwa takriban watoaji 9 kati ya 100, na matatizo ya aina yoyote, makubwa kwa madogo, kwa karibu 40 kati ya 100. Japan, katika watoaji 3,565 wa vipande vya aina zote, waliopata matatizo walikuwa asilimia 8.4. Usifikiri Wajapani wana ini jingine. Tofauti inatokana na aina ya vipande, na pia na kila nchi inavyohesabu tatizo. Kwa hiyo takwimu ya kuiamini kuliko zote ni ya hospitali utakayolazwa. Uliza hivi: mwaka uliopita mlikata watoaji wangapi, wangapi walivuja nyongo, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Timu yenye rekodi itajibu bila kukasirika.

Uliza pia ramani yako. Mirija ya nyongo haifanani kwa watu wote. Kuna wenye mrija wa nyuma wa kulia unaoingia kwenye mrija wa kushoto badala ya kuungana na mwenzake. Kwa mtu kama huyo, kukata kulia kunaacha matundu mawili ya kufunga, na kosa dogo linaweza kujeruhi mrija wa upande unaobaki. Kipimo cha MRCP, ambacho ni picha ya MRI ya njia za nyongo, huonyesha hilo kabla. Wakati wa upasuaji wenyewe timu nyingi hupiga tena picha kwa kuingiza dawa kwenye mirija, ili wajue hasa pa kukata. Mtoaji akikataliwa kwa sababu ya mirija yake, familia isimlaumu wala isiililie timu ibadili uamuzi.

Hapo ndipo shinikizo la ukoo linapouma. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo, pamoja na marekebisho yake ya 2011, inahesabu ndugu wa karibu kuwa mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, na wajukuu. Mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu ni kaka kabisa, hayumo. Mgeni huhitaji pia cheti cha ubalozi wake kuthibitisha undugu. Mduara unabana, waliobaki wanakuwa wawili watatu, na kila jicho linawaangalia wao. Nasema kwa yeyote aliye katika mduara huo: una haki ya kusema hapana mpaka asubuhi ya upasuaji, na timu nzuri itakulinda kwa kusema tu kwamba vipimo havikukubali.

Sasa inavuja. Njia nne

Kwangu ilianza na maumivu ya bega la kulia. Bega, wala si tumbo! Dreni, yaani mpira unaoachwa tumboni baada ya upasuaji ili kutoa maji nje, ilikuwa imetolewa siku moja kabla. Niliambiwa ni gesi. Usiku ikaja homa, tumbo likajaa, nikatapika. Nyongo ikikaa chini ya kiwambo cha kupumulia huamsha maumivu begani, na hilo kila mtoaji angepaswa kuambiwa. Dalili nyingine ni macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na kama dreni bado ipo, maji yake kugeuka rangi ya kijani au dhahabu iliyokolea. Maabara hupima bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, kwenye maji ya dreni: ikiwa mara 3 au zaidi ya ile ya kwenye damu, kuanzia siku ya tatu baada ya upasuaji, huo ni uvujaji. Madaktari huugawa kwa A, B na C: A hauhitaji kubadilisha tiba, B unahitaji tiba ya ziada au umezidi wiki moja, C unakurudisha kwenye kisu.

*Kusubiri na dreni, au kuwahi stenti?* Hapa ndipo nilipoona madaktari wakitofautiana, na kila mmoja ana hoja.

Kusubiri kunafaa pale ambapo nyongo yote inatoka nje kwa dreni, huna homa, tumbo ni laini, na kiasi kinapungua siku hadi siku. Uvujaji mdogo wa uso wa ini mara nyingi hukauka ndani ya siku au wiki chache bila kuguswa. Gharama yake ni muda na subira: unatembea na mfuko kiunoni chini ya khanga, unapima na kuandika mililita kila asubuhi.

Stenti huwekwa kwa ERCP. Kamera hupitishwa mdomoni ukiwa umelazwa kwa dawa, mpaka pale mrija wa nyongo unapoingia utumboni, na hapo hupenyezwa kijibomba cha plastiki. Wengi hudhani kijibomba hicho kinaziba tundu. Sivyo. Mlangoni pa mrija kuna msuli unaobana, na nyongo ikikuta upinzani huko chini inapendelea kutokea kwenye tundu. Fikiria mfereji wa shambani uliobomoka ukingo: ukizibua kule mwisho maji yakaenda kwa urahisi, ukingo unapata nafasi ya kukauka. Kwa uvujaji wa kisiki cha mrija, njia hii huwafaa watu wengi, nyongo hupungua kwa siku chache, na kwa kawaida stenti hutolewa baada ya wiki 4 hadi 8.

Kwa nini basi isiwekwe kwa kila mtu siku ileile? Kwa sababu ya kongosho. ERCP inaweza kulifanya livimbe na kuuma, na kwa ujumla hutokea kwa wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100. Walio hatarini zaidi ni vijana, wanawake, na wenye mirija myembamba isiyovimba. Sasa angalia mtoaji ini ni nani: mara nyingi ni kijana mwenye afya, mirija yake ni myembamba, na wengi ni wanawake. Daktari aliyezoea kuwatoa wazee mawe ya nyongo anaweza kusahau kwamba aliyelala mbele yake ni mtu wa aina nyingine. Dawa ya diklofenaki au indometasini inayowekwa kwa njia ya haja kubwa wakati wa kipimo hupunguza hatari hiyo. Uliza kama utapewa. Uliza pia kama lazima wakate ule msuli wa mlangoni. Mara nyingi stenti yenyewe inatosha, na msuli ukikatwa kwa mtu wa miaka 28 mlango unabaki wazi maisha yake yote, vijidudu vya utumbo vikapata njia ya kupanda juu.

Mimi ningechagua hivi: inapungua na huna homa, subiri. Haipungui baada ya wiki, au ni nyingi tangu mwanzo, au picha inaonyesha ni kisiki, weka stenti.

Jambo moja halina mjadala. Nyongo iliyokwisha kujikusanya tumboni lazima itolewe, stenti iwekwe isiwekwe. Stenti inazuia mpya isimwagike, haiondoi ile iliyokwisha mwagika. Mimi nilichomwa sindano ubavuni kwa kuongozwa na ultrasaundi, ganzi ya kawaida tu, ukapitishwa mpira, ikatoka karibu nusu lita ya maji ya rangi ya mchicha uliochemshwa. Homa ilishuka siku hiyohiyo. Stenti iliwekwa siku nne baadaye kwa sababu mpira uliendelea kutoa.

*Stenti au mpira wa ndani ya mrija kupitia ubavuni?* Usichanganye mpira huu na ule wa kutoa nyongo iliyojikusanya. Huu hupenyezwa kupitia ngozi na nyama ya ini mpaka ndani ya mrija wenyewe. Ni kazi ngumu kwa mtoaji anayevuja, kwa sababu mirija inayovuja haivimbi, na kuulenga mrija mwembamba kama uzi ndani ya nusu ya ini iliyobaki kunahitaji mikono adimu. Kuna hatari ya kutoka damu, na baadaye unabaki na mfuko nje ukipoteza maji na chumvi pamoja na nyongo. Kwa hiyo huja baada ya ERCP kushindwa. Inakuwa njia ya kwanza pale ambapo kamera haiwezi kufika, kwa mfano mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kubadilisha njia ya tumbo.

Kuna uvujaji ambao hakuna stenti itakayousaidia: ule wa kijimrija kilichotengana kabisa na mirija mingine, kikabaki peke yake kikitengeneza nyongo. Kamera haikioni kwa sababu hakijaungana na chochote. Kidogo chake hukaushwa kwa dreni na muda, kikubwa hupelekwa kwa mpasuaji. Ukiwekewa stenti mara mbili na nyongo haipungui hata kidogo, uliza kama ndicho hicho.

*Kurudi chumba cha upasuaji.* Neno hili linaogopesha, na familia nyingi hulikimbia kwa gharama yoyote. Lakini kuna hali mbili ambapo kuchelewa ndiko kubaya. Ya kwanza ni nyongo iliyosambaa tumbo zima, tumbo gumu kama ubao, mapigo ya moyo juu, presha inashuka. Hapo tumbo linafunguliwa, linaoshwa, na dreni zinawekwa. Ya pili ni mrija mkuu uliojeruhiwa au kufungwa kwa makosa, ukagunduliwa siku za mwanzo tishu zikiwa bado laini.

Ikigunduliwa baadaye, wiki ya pili au ya tatu, tishu zimevimba na kushikana, na mshono wa wakati huo hauna uaminifu. Wapasuaji wengi hutuliza kwanza kwa mipira na antibayotiki, kisha hutengeneza baada ya wiki 6 hadi 12. Matengenezo yenyewe ni kuunganisha mrija wa ini moja kwa moja na kitanzi cha utumbo. Ni upasuaji mzuri, watu huishi nao miaka mingi, lakini unafunga mlango mmoja: baada ya hapo kamera ya kawaida ya ERCP haifiki tena kwenye mirija. Likitokea tatizo miaka mitano mbele, njia itakuwa ya ubavuni. Ndiyo maana, nje ya zile hali mbili za dharura, ningetaka njia ya kamera ijaribiwe mpaka mwisho kabla ya kitanzi. Ukianza na stenti bado unaweza kwenda kwa mpasuaji. Ukianza na kitanzi, kurudi kwenye stenti ni vigumu.

Mrija ukibana baadaye

Hili ni adimu zaidi kwa watoaji kuliko kuvuja, na huja polepole, miezi baadaye: mwasho wa mwili, macho ya njano, homa za baridi zinazokuja na kuondoka, au vipimo vya ini kupanda bila dalili. Kwa aliyetoa kulia kuna sababu ya ziada. Ini la kushoto linapokua huhamia upande uliobaki wazi na kuzungusha mrija wake, ukakunjika. Tiba ya kwanza ni kamera: mrija unapanuliwa kwa puto, stenti inawekwa na kubadilishwa kila baada ya miezi kama 3, wakati mwingine hadi mwaka mzima. Ni safari nyingi, na kwa aliye mbali na hospitali ya rufaa, kitanzi kinaweza kuwa chaguo la busara mapema kuliko kwa aliye mjini. Sioni aibu kulisema hilo. Tiba isiyofikika si tiba.

Kukaa ugenini au kurudi nyumbani

Dreni ilipotolewa siku ya tano kila mtu alifurahi, na shangazi akaanza kuulizia tiketi ya ndege yangu ili gharama ya chumba ipungue. Ningesafiri, ile homa ingenikuta angani. Uvujaji mwingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mwingine hungoja mpaka dreni iondolewe. Mtoaji akae karibu na hospitali iliyomkata angalau wiki tatu, hata kama anatembea na kula vizuri. Kabla ya kulipa, someni mkataba: je, bei mliyopewa inajumuisha matatizo ya mtoaji, au ni ya mpokeaji tu? ERCP, siku za ziada, na kulazwa tena viandikwe kwa jina la mtoaji.

Baada ya hapo nyumbani panatosha kwa mengi. ERCP inafanyika katika hospitali kubwa za Nairobi na Dar es Salaam, na stenti yangu ilitolewa Dar baada ya wiki sita, asubuhi nikaingia, jioni nikala uji kwa dada. Lakini daktari wa huku alihitaji vitu ambavyo nilikaribia kuviacha: picha za MRCP na za ERCP kwenye CD, ripoti ya upasuaji inayosema mrija ulikatwa wapi na ulikuwa na matundu mangapi, na aina ya stenti na tarehe iliyowekwa.

Hiyo tarehe iandikeni mahali panapoonekana. Stenti ya plastiki ikisahaulika huziba, na ikiziba huleta maambukizi mabaya kuliko uvujaji uliokuja kutibiwa, kwa mtu ambaye kwa wakati huo ameshajisikia mzima na amerudi kazini. Yangu mama aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, juu ya friji, na kila mgeni aliyeingia aliisoma.